Mkanda Ambao Karatasi Iliusahau

Kijiji cha Mwabuluda kilipata maji mwaka 1984, kwa karatasi yenye sahihi tatu. Halmashauri ya wilaya ilileta kisima kirefu, pampu na tangi. Stanslaus, mfanyabiashara wa Kagongwa, alileta injini ya dizeli na mashine ya kusaga. Kijiji kilileta mawe, mchanga na Bujiku.

Mapatano yalikuwa mepesi. Asubuhi injini ingevuta maji ya watu na ng'ombe. Kuanzia saa sita mchana ingesaga nafaka, na faida ya kusaga ingekuwa ya Stanslaus, ambaye naye angenunua mafuta. Baada ya miaka kumi kila kitu kingekuwa cha kijiji. Bwana Otmar, afisa maji, aliisoma karatasi hiyo mbele ya mkutano, akasema huo ndio ubia. Watu walipiga makofi, kisha wakauliza kama ng'ombe nao watakunywa.

Kazi ya Bujiku ilikuwa kuhamisha mkanda. Injini ilisimama katikati ya kibanda, pampu kushoto, mashine ya kusaga kulia, na mkanda ulikuwa mmoja. Asubuhi aliufunga kushoto, amevaa kofia ya kijani aliyopewa na Halmashauri. Saa sita aliivua kofia, akaitundika msumarini, akaufunga mkanda kulia, akawa mtu wa Stanslaus. Mwanamke akija na ndoo saa saba, alimweleza kwa upole kwamba mtu wa maji ameshaondoka.

"Si wewe uliyekuwa hapa asubuhi?"

"Yule alikuwa wa Halmashauri, mama. Njoo kesho utamkuta."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu mrefu mwenye magoti makubwa, aliyejifunzia injini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nyumbani alikuwa na mkewe Justa, binti yao Limi, na maksai wawili, Hodari na Tulia, waliokuwa wamevuta jembe pamoja misimu sita. Walizoeana hivi kwamba hakuna aliyeinamisha kichwa birikani kabla mwenzake hajafika.

Septemba ya mwaka wa pili, kiangazi kikiwa kimekaza, mkanda ulikatika. Bujiku aliviringisha vipande ndani ya gunia, akapanda baiskeli hadi wilayani.

"Mkanda ni sehemu ya injini," alisema Bwana Otmar. "Injini ni ya nani?"

"Ya Stanslaus."

"Basi."

Siku iliyofuata alikwenda Kagongwa. Stanslaus alikuwa ameketi kati ya magunia ya chumvi.

"Injini yangu inawaka?"

"Inawaka."

"Sasa umefuata nini? Kilicho nje ya injini ni cha Halmashauri. Tena mahindi ya kusaga yamekwisha, mimi sina haraka. Msalimie Otmar."

Bujiku alirudi nyumbani akaisoma karatasi mwenyewe, kidole juu ya kila neno hadi kwenye mhuri. Kisima kilikuwamo. Tangi lilikuwamo. Mlango wa kibanda ulikuwamo, pamoja na kufuli na funguo zake mbili. Mkanda haukuwamo.

Wiki ya tatu wanawake walikuwa wakichimba mchanga wa mto kwa vibuyu, wakingoja maji yatoke kama anayengoja mgonjwa aseme. Ng'ombe walipelekwa bwawani mwendo wa nusu siku, na waliorudi walikuwa pungufu ya waliokwenda. Mihayo, mwenyekiti wa kijiji, akaitisha mkutano.

Kwa desturi ya kule, anayeitwa kwenye kazi ya wote asije hupigwa mchenya: hutoa ng'ombe, anachinjwa, kijiji kinakula. Mkutano ulikubaliana bila ubishi kwamba Halmashauri na Stanslaus waliitwa wasije.

"Nani yupo hapa wa Halmashauri?" aliuliza Mihayo.

Watu waliitazama ile kofia ya kijani.

"Mimi," alisema Bujiku.

"Na wa Stanslaus?"

"Mimi pia. Ila bado hatujafika saa sita."

"Basi tutangoja."

Wakangoja. Jua lilipofika utosini Bujiku aliivua kofia, na Mihayo akaisoma hukumu mara ya pili, kwa mshitakiwa wa pili.

"Ni ng'ombe wawili, Mwenyekiti?"

Mihayo alinong'onezana na wazee. "Ubia ni kitu kimoja. Toa mmoja."

Bujiku alishukuru.

"Baba Limi," alisema Justa jioni, "mabwana unao wawili, na ng'ombe wa kufa ni wetu."

"Ndivyo ilivyoamuliwa."

"Na mvua zikija utalima na nini? Na kofia?"

Asubuhi alimfungua Hodari, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa, na kijiji kina watu wengi. Tulia aliwasindikiza hadi mlango wa zizi. Nyama iligawiwa vizuri, hakuna aliyenung'unika. Bujiku hakula, alisema jino linamsumbua.

Lakini ngozi ya mchenya humrudia aliyetoa ng'ombe. Bujiku aliiwamba, akaipima kwa kamba, akakata vipande virefu kufuata mgongo, akavishona kwa mishipa na kuvisugua kwa samli ya Justa. Siku ya tano aliufunga mkanda kushoto, akavaa kofia, akawasha injini.

Mkanda ulinuka. Mbwa wote walifika. Kila mshono ulipopita juu ya gurudumu uligonga kidogo, ta, ta, ta, kama kwato kwenye ardhi kavu. Kisha bomba likakohoa, likatema kutu, likatema maji, na wanawake wakapiga vigelegele hadi Mihayo akasahau hotuba yake.

Tulia, ambaye tangu siku ile alikuwa akigusa maji na kuyaacha, alikwenda birikani nje ya kibanda. Alisimama, masikio mbele. Kisha akainama akanywa muda mrefu.

"Kiu tu," alisema Bujiku.

Habari zilifika mbali. Bwana Otmar na Stanslaus walikuja siku moja, kila mmoja akidhani mwenzake amenunua mkanda. Otmar alimshukuru Stanslaus. Stanslaus alimshukuru Otmar. Walishukuriana hivyo kwa muda, hadi Otmar alipochungulia na kuona manyoya.

"Huu mkanda ni wa nani?"

"Wa Hodari," alisema Bujiku.

"Ndiye nani huyo? Ni mbia? Yuko wapi?"

"Yupo kila siku. Asubuhi yuko kushoto, mchana kulia."

Mihayo ndiye aliyewaeleza. Walisikiliza wakitazama viatu vyao. Kisha Otmar akaitoa karatasi, akaongeza kwa kalamu, chini ya kufuli na funguo mbili: Mkanda mmoja, mali ya Bujiku. Stanslaus akatia sahihi, akasema kuhusu maksai wa kufidia itabidi yeye na Halmashauri wajadiliane.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Mihayo alifika alfajiri akimswaga maksai wake mmoja.

"Mwangaluka, Bujiku. Tulikula wako. Huyu mfunge na Tulia. Ukimaliza kwako, ulime kwangu."

"Tuandikiane?"

"Tuandikiane nini?" alisema Mihayo, akainua nira.