Swali la Lugha Kule Sori

Siku yangu ya kwanza kazini, Mtafiti Mkuu alinikabidhi hojaji, yaani karatasi za maswali, iliyotungwa kwanza kwa ajili ya Walatino wa Marekani. Kule, alinieleza, mtu huulizwa asili yake, kisha rangi yake, kisha watu wakimwona njiani humdhania nani. Mara nyingi majibu hayafanani.

"Hapa tutauliza kabila," akasema. "Usimsaidie mhojiwa kujibu. Uliza, nyamaza, andika."

Nilifanya hivyo mjini Oyugis bila matatizo. Kisha Msimamizi wetu akanihamishia Sori, kando ya ziwa. Huko nilimhoji mama mjane ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani nyanya. Alisema yeye ni Mjaluo, na wazazi wake pia. Nikauliza: ulipokuwa mtoto, nyumbani mliongea lugha gani? Akatazama mlangoni kana kwamba kuna mtu amebisha.

"Dholuo," akasema mwishowe.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa marudio: unauliza yale yale, uone kama jibu limebaki lile lile. Bintiye, Akinyi, alinisimamisha uani.

"Madam, ulimwuliza nini mama yangu? Tangu uende hajatamka neno la Dholuo. Anaongea, lakini hatumwelewi."

Ndani, Dani alinishika mkono akazungumza kwa sauti nyembamba, ya mtoto. Tukamwita mzee mmoja mvuvi kutoka visiwani.

"Hiki ni Kisuba, lugha ya zamani ya kule visiwani," akasema mzee. "Anauliza mbona wenzake waliokwenda kuteka maji hawajarudi."

Akinyi alikaa chini. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mama yake ni Msuba.

Dani alitaja majina sita ya wenzake hao, moja baada ya jingine, na kila baada ya jina alinyamaza, akiinamisha kichwa kama anayeitikiwa. Siku ya tatu ya kukaa naye, mchana kweupe, alicheka, akasema neno moja, akakata roho.

"Amesema, 'Hao,'" mzee akatuambia. Sote tuligeuka kutazama mlango. Hakukuwa na mtu.

Nilimuuliza Msimamizi niandike jibu lipi, Dholuo au Kisuba. "Yote mawili," akasema, "halafu umhoji binti."

Baada ya matanga nilimwuliza Akinyi kabila lake.

"Nenda kwanza, Madam. Ukirudi nitakuambia."

Mradi ulifungwa kabla sijarudi. Sasa nimestaafu. Vijana wanahoji kwa tableti, na tableti haikubali swali liachwe wazi. La Akinyi nililiacha wazi, na sijawahi kulionea aibu.