Bati la Upande wa Nolberto

Edelmira Chiguay hakai. Ukimkuta amekaa, ujue anamenya viazi. Mimi ni jirani yake, ua kwa ua, na nikisema kwamba mwanamke huyu anafanya kazi ili asisikie ukimya wa nyumba yake, simsengenyi. Nasema ninachokiona nikianika nguo.

Mumewe, Nolberto, ni mnyoa kondoo. Kila mwezi wa kumi anafunga begi na kuelekea Magallanes, kusini kabisa mwa Chile, na kundi la wanyoaji wanaohama shamba kwa shamba, na kurudi ni mwezi wa tatu. Wanaume wa kisiwa chetu cha Chiloé wameishi hivyo tangu enzi za babu zetu, na wake zao wamezoea. Edelmira hajazoea. Ila badala ya kulia, anashika nyundo.

Nolberto akishaondoka tu, banda la kuku linajengwa upya. Halafu lango. Halafu kuni, zimepasuliwa na kupangwa mpaka zinaziba dirisha la jiko. Kazi za nyumbani zikimwishia anahamia kwa watu. Kanisa letu la mbao limebadilishwa vigae vya mbao vya ukuta mzima wa upande wa bahari, na aliyekuwa juu ya ngazi, upepo ukimpeperusha sketi, ni yeye. Ni zimamoto wa kujitolea, tena ndiye anayeendesha gari la maji. Na ikiitwa minga, siku ambayo kijiji kizima kinamfanyia mtu mmoja kazi na yeye anawalisha, iwe kuvuna viazi au kuifunga nyumba nzima nyuma ya maksai na kuiburuta hadi kiwanja kipya, Edelmira anafika kabla mwenye minga hajaamka.

"Pumzika basi, mwenzangu," nilimwambia siku moja.

"Nikipumzika namkumbuka," akasema, akapiga msumari mwingine.

Sasa sikiliza ubaya wake. Mwaka jana Nolberto alirudi, akaweka begi chini, akazunguka nyumba yake mikono mfukoni akitafuta cha kufanya. Lango zima. Kuni tele. Viazi vimeshachimbwa vimo ghalani. Mwanamume akaingia jikoni, akakaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini, akinywa mate, ile chai yetu chungu ya majani, kama mtu aliyepita kuuliza njia. Hazikupita wiki mbili, akasema, "Hapa kila kitu kiko sawa," akapanda basi kwenda kujenga uzio wa mashamba huko huko kusini, kazi ya majira ya baridi. Edelmira alimsindikiza mpaka kituoni, akarudi, akaanza kupaka rangi jiko ambalo lilikuwa na rangi.

Ndipo alipoelewa, akaja kuniambia akiwa amesimama mlangoni kwangu. "Nimemaliza kazi zake zote, jirani. Nimemwacha bila nafasi kwake mwenyewe."

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, upepo uling'oa misumari ya bati moja juu ya chumba cha kulala. Nilimwona akichukua ngazi na nyundo. Akapanda, akaliangalia lile bati kwa muda mrefu, halafu akashuka. Sijawahi kumwona Edelmira akishuka na kazi haijakwisha. Maji yalikuwa yanadondoka kitandani, upande wa Nolberto, na pale alipotakiwa kulala mume akaweka beseni.

"Kwa hiyo sasa umeolewa na beseni," nikamtania.

"Angalau hili likijaa naliona," akanijibu.

Hakumwambia mume. Nolberto anapiga simu kila Jumapili. Anauliza, "Huko kwema?" na yeye anajibu, "Kwema, hakuna kinachopungua," kwa sababu ameshazoea kujibu hivyo, na kwa sababu kiburi pia anacho. Alitaka mume aje alione lile bati mwenyewe, sio aitwe. Lakini mwezi wa tatu ulipofika, Nolberto akasema bosi wa uzio amemwomba tena abaki majira yote ya baridi, na kwamba atamjibu baada ya wiki moja. Edelmira akamwambia, "Sawa." Kisha akaja kwangu akachambua maharage yangu yote bila kuombwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukamfanyia kosa kwa upendo. Mzee Baldomero, anayetunza funguo za kanisa, ndiye aliyeanza. Alisema Edelmira amefanya minga za watu wote na yeye hajawahi kuita hata moja, na paa lake linavuja, ni aibu yetu. Tukaenda watu kama ishirini, na ngazi, na bati jipya juu ya mkokoteni, na mikate ya viazi, na nyama ya kondoo, na chicha, pombe yetu ya tufaha, ili yeye asihangaike hata kupika. Nami nilikuwamo, na nyundo yangu. Kumwambia Mzee Baldomero aache jambo ni kazi kuliko kupanda paa.

Edelmira akatoka, akasimama mbele ya ngazi.

"Hapana," akasema. "Hilo liacheni."

"Binti, minga haikataliwi," Mzee Baldomero akasema. "Wewe kaa. Kula. Kazi ya saa moja hiyo."

"Najua ni ya saa moja. Ningetaka ningeliezeka mwenyewe."

"Basi unalitakia nini, kufugia bata?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hapo ndipo nilipoona aibu kwa ile nyundo mkononi mwangu. Simu yake ikalia. Ni simu mbovu, haisikiki bila kuwekwa spika, kwa hiyo sote tulisikia.

"Huko kwema?" Nolberto akauliza kutoka mbali.

Nilimwona Edelmira akilitafuta lile jibu lake la siku zote na kuliacha.

"Si kwema," akasema. "Kuna kinachopungua. Bati la juu ya kitanda limeng'oka. Upande wako. Tangu mwezi wa kwanza maji yanaingia."

"Tangu mwezi wa kwanza? Na wewe hujalitengeneza?"

"Mimi nimechoka kufanya kila kitu peke yangu, Nolberto."

Upepo wa kusini ukasikika ndani ya simu. Kisha akauliza, "Hakuna watu hapo wa kukusaidia?"

Edelmira akatutazama mmoja mmoja, watu ishirini na nyundo zetu, na ngazi imeegemea ukuta.

"Hakuna," akasema.

Nolberto akakohoa. "Basi usiliguse. Nitaliezeka mwenyewe. Kesho namwambia bosi atafute mtu mwingine."

Simu ikakatika. Mzee Baldomero akashusha ngazi taratibu, akailaza mkokotenini juu ya lile bati jipya, akavaa kofia yake.

"Twendeni," akatuambia kwa sauti ya chini. "Sisi hatupo."

Tukaondoka, chakula tukakiacha mezani. Nilipogeuka langoni, Edelmira alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono mitupu, hamenyi kitu.