Kutembea Bila Kilio

Siku hizi kila mutu ni muganga. Unafungua radio, banakuambia kula majani. Unaenda kanisani, mama wa kwaya anakuambia kunywa maji asubuhi mbele ya chai. Mujukuu wako mwenyewe anakuondolea chumvi mezani. Mi sibishani nao. Majani ni mazuri, maji ni mazuri. Kinachonikasirisha ni kwamba hakuna hata mumoja anayekuambia namna ya kufanya hayo yote hapa mutaa wetu wa Kapata, mbele ya macho ya majirani.

Bibi yangu ana sukari. Ni muke wangu, mama wa batoto bangu. Tulijua siku alipokanyaga kaa la moto jikoni na hakusikia kitu. Mi njo nilisikia harufu, nikafikiri bitoyo, samaki ba chumvi, binaungua kwenye mbabula ya makaa, kumbe ni unyayo wake. Tukaenda dispensere. Muganga wa kule ni kijana, mupole, sina neno naye. Akashika ule muguu, akauchoma kidogo na sindano, akamutazama usoni.

"Mama, unasikia?"

"Unafanya nini?" bibi yangu akauliza. Hakujua hata kama amechomwa.

Njo kijana akatoa mashauri. Bukari, ule ugali wetu, ngumi moja tu, ngumi yake mwenyewe, na sahani inayobaki ijae majani ya lengalenga na matembele. Sukari kwenye chai, basi. Na kila asubuhi kutembea nusu saa, mbio kidogo, mpaka jasho litoke.

"Na nisipotembea?"

"Mama, huu muguu unasinzia. Ukiulaza tu, kidonda kikiingia, batakuja kuukata."

Tuanze na bukari. Zamani, wakati nilipokuwa nafanya kazi, kampuni ilikuwa inatupa unga kwa gunia, na wakubwa ba kazi balikuwa banatuambia: kula, uwe na nguvu. Mutu aliyeacha bukari kwenye sahani alionekana mugonjwa ao mwenye kiburi. Tulikula hivyo mpaka mvi. Leo banasema ngumi moja. Sawa, lakini kwetu bukari inakaa katikati ya meza na mikono yote inaingia. Nani atapima ngumi ya mutu humo ndani? Nikamununulia bibi yangu kisahani chake. Dada yangu akaja kututembelea, akaona kile kisahani, akanivuta pembeni kuniuliza kama nimemufukuza bibi yangu mezani. Mi, na umri huu. Nikamujibu vibaya, hata sitaandika nilisema nini.

Lakini kisahani kilikuwa kitu kidogo. Kubwa ni kutembea.

Tulitoka mapema, bibi na bwana, mbio kidogo kama tulivyoambiwa. Sasa ujue jambo moja la avenue yetu. Mama akitoka asubuhi na jembe, anaenda shamba. Akitoka na beseni, anaenda soko. Lakini bibi na bwana bazee, pamoja, mbio, mikono mitupu, na si Siku ya Mungu ya kwenda kanisani? Hiyo ni kilio. Kuna mutu amekufa. Na hapa kwetu hakuna anayekuita katika njia kuuliza nani amekufa, si adabu. Unafunga kitambaa kwa kichwa, unafunga mulango, unafuata nyuma kimya. Utajua mukifika. Mi mwenyewe nimefuata batu hivyo mara nyingi, na siku ile sikukumbuka hata kidogo.

Tulipokaribia barabara ya malori nikasikia miguu nyuma yetu. Nikageuka. Mamama ba avenue, bote na bitambaa, na katikati yao mwenzangu wa zamani wa kazi, amevaa koti la suti.

"Pole, tata," akasema. "Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyetutoka."

"Hakuna aliyekufa. Tunatembea."

"Munaenda wapi?"

"Hatuendi. Tunatembea, kisha tunarudi."

Akamutazama bibi yangu, akanitazama. "Sasa munarudi kutoka wapi?"

Mama anayeuza mikate ya mafuta, jirani wetu wa mulango kwa mulango, akashika kiuno. "Mi nimeacha mafuta kwa moto, tata. Na tangu pale kwenye kona nimeanza hata kulia kidogo. Hayo machozi nani atanirudishia?"

Balicheka, na mi nilicheka. Lakini mumoja nyuma hakucheka. Akasema, "Munatembeza kilio bila maiti. Munaita kifo kwenye avenue." Bibi yangu akalisikia lile neno. Tumezika batoto babili, mi na yeye. Akageuka, akarudi nyumba, na kesho yake hakutoka. Wala kesho kutwa.

Nikarudi kwa muganga kumueleza. Akacheka. "Tata, achana na maneno ya batu." Hapo damu ilinipanda. Batu ni nani? Ni bao balimushika bibi yangu mikono alipozaa. Ni bao batatuzika. Yeye anakaa mujini, kule batu banakimbia kwenye lami na viatu vya sport na filimbi, na hakuna anayebafuata na kitambaa kichwani. Mama muzee wa Kapata na liputa yake ya kitenge, akikimbia, lazima aeleze nani amekufa. Hilo hakulisoma shuleni, na hakutaka kulisikia.

Nilirudi na hasira ile ile mpaka mbele ya karai ya mama wa mikate, na batu banasimama kununua.

"Mulisema tunaita kifo," nikamuambia. "Bibi yangu ana sukari. Muguu wake umeanza kufa. Asipotembea, batamukata, na hapo mutafunga bitambaa bya kweli."

Akaacha mukate ukaungua. "Sukari? Na munatuficha?"

"Mulitaka tuseme nini? Tuweke kwenye radio?"

"Tata, ungesema," akajibu kwa sauti ndogo. "Mi pia niko nayo."

Kesho yake alikuja na mamama batatu, nabo bako na sukari, kila mumoja na beseni kichwani, na ndani ya beseni hakuna kitu. Bagonjwa banabeba beseni tupu kwa sababu mikono mitupu inaogopesha majirani. Mpaka leo jambo hilo linanichoma. Nikavaa kofia nibafuate.

"We baki," mama wa mikate akaniambia. "Bibi na bwana pamoja njo kilio. Banamuke peke yao, ni shamba."

"Na mi? Nina tansio ya damu."

"Tata, tembea ndani ya parcelle, uani mwako."

Basi ninazunguka nyumba yangu kama kuku. Banarudi jasho linatiririka, na vumbi ya malori imebapaka rangi moja, kwa sababu barabara ya kutembea ni ile ile ya malori, na hilo pia hakuna aliyelitia kwenye mashauri yake. Bibi yangu anakaa kwenye kiti, ananipa muguu. Yeye hawezi kusikia kama amechomwa na jiwe, basi mi njo ninatazama, unyayo wote, na katikati ya vidole. Ninaosha vumbi polepole, na ninanung'unika.

"Nyamaza, utazame vizuri," ananiambia.

Ninatazama. Leo hakuna kidonda.