Nakala ya Nyumba ya Shangazi

Miaka ile ambayo nusu ya vijana wa kwetu walikuwa chini ya ardhi kule Matongo wakitafuta dhahabu, mimi nilikuwa mjini Mugumu, juu ya ardhi, ndani ya shati lenye nembo ya ofisi ya serikali ya utalii. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu. Niliweza kutamka "urithi usioshikika" bila kucheka, na ofisi ilinilipa kwa kipaji hicho.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, hakusoma. Alipofiwa na mume alikwenda Matongo, akaponda mawe ya dhahabu pamoja na wanawake wenzake mpaka vidole vyake vikawa havikunjiki vizuri. Waliofanikiwa kule walinunua ng'ombe. Yeye alirudi kijijini kwetu Busawe akajenga nyumba mbili za msonge kando ya yake, akachimba choo kizuri, kisha akawaambia madereva wa watalii kwamba kwake kuna pa kulala.

"Unajengea watu usiowajua," shemeji yake alimcheka, "na zizini una ng'ombe watatu!"

"Wanatosha. Mzungu mmoja atakamua tangu alfajiri mpaka jua kali. Ng'ombe mwenyewe atamwonea huruma."

Wageni wakaja. Moshi uliwaingia machoni, walikunywa uji wa ulezi kwenye kibuyu, walikamua vibaya, wakaondoka wamefurahi. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka hajala. Hata aliyesimama kuuliza njia alishikwa mkono akakalishwa.

Siku moja mkuu wangu wa kazi aliliona gari la watalii likipita mbele ya dirisha letu bila hata kupunguza mwendo.

"Wanakwenda wapi wale?"

"Busawe, mzee. Kwa mama mmoja."

Sikusema mama gani.

"Mama mmoja," alirudia. "Na sisi ni serikali nzima."

Ikaamuliwa tujenge kijiji cha utamaduni kando ya barabara iendayo kwenye geti la hifadhi ya wanyama. Kazi ya kukichora nilipewa mimi, kwa kuwa ni mtu wa huko. Nikaenda kwa shangazi na futi ya kupimia. Naomba nieleweke: sikumdanganya. Nilimwambia wazi kwamba serikali inataka kujenga nyumba kama yake, na kwamba wageni watapelekwa kule. Ningekuwa nimemdanganya, leo ningekuwa na afadhali; ningekuwa na kosa la kuombea msamaha.

"Serikali? Kama hii yangu?" Akatoka nje kuita majirani. "Njooni muone! Serikali imekosa pa kujifunza, imekuja kwangu!"

Akashika ncha ya pili ya futi, tukaizunguka nyumba yote pamoja, yeye akifukuza kuku wasitusumbue. Tulipomaliza alinichinjia mmoja wa kuku hao. Nilimla, na nikaongezewa.

Kijiji chetu kilijengwa kwa saruji iliyopakwa rangi ya udongo. Kilikuwa na maji ya bomba, maegesho mapana, na tiketi yake ilikwenda pamoja na kiingilio cha hifadhi. Mgeni aliyekwisha kulipia kwetu hakuona sababu ya kulipa tena Busawe, tena baada ya vumbi na makorongo. Mkuu alinisifu mbele ya wafanyakazi wote. Kwa shangazi magari yalipungua, kisha yakakoma. Nilipomtembelea alisema labda ni mvua. Mvua ilipokwisha, akasema labda ni jua.

"Wasipokuja mpaka mavuno," aliniambia, "nitarudi kwenye mawe."

Nilivitazama vidole vyake, nikabadilisha mazungumzo.

Kabla ya mavuno alikuja mwenyewe kutuona, amevaa kitenge cha kanisani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mura," aliniita kijana kwa lugha ya kwetu. "Nimekuja kuona alichojenga mtoto wangu."

Aliingia, akatazama juu, akagonga ukuta.

"Imara. Moto uko wapi?"

"Haturuhusu moto, shangazi. Mambo ya usalama."

"Uji mnapikia wapi?"

"Hatupiki. Wageni wanaangalia tu."

"Wanaangalia nini sasa?"

Nikaokolewa na kundi la watalii walioingia wakamkuta shangazi ameketi kwenye kigoda, kando ya mafiga yasiyo na majivu. Walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakaanza kumpiga picha. Yeye aliinuka akampa kila mmoja mkono, akawauliza kwa Kiswahili kama wamekula. Mkuu, aliyekuwa mlangoni, alinivuta pembeni.

"Umemtoa wapi huyu? Aajiriwe leo leo!"

Kazi yenyewe ilikuwa kuketi pale tangu asubuhi mpaka jioni. Nilimbembeleza shangazi kuliko nilivyowahi kumbembeleza mtu, na nilijua ninachotafuta: akikubali, nitalala usingizi. Alikubali, kwa sharti moja. Awashe moto, awapikie wageni uji.

"Mama, hilo haliwezekani," alisema mkuu. "Chakula kina kibali chake, moto una kibali chake."

"Mzee, unataka watu waingie nyumbani kwangu nikae nawatazama na njaa zao?"

"Lakini hapa si nyumbani kwako, mama. Hapa ni ofisi."

"Aa," alisema shangazi. "Hapo umesema kweli."

Akaaga vizuri, akaenda zake.

Baada ya mavuno nilimpeleka Matongo mwenyewe, kwa gari la ofisi lenye picha ya simba mlangoni. Njia nzima alisifu ninavyoendesha. Tulipofika, wanawake waliokuwa wakiponda mawe walipiga kelele.

"Hee! Mwenye hoteli karudi!"

"Tena kaletwa na serikali! Wazungu umewachosha na uji wako?"

"Chekeni tu," alisema shangazi, akiniwekea mkono begani. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ile nyumba ya serikali kaijenga yeye. Kaitoa kwangu."

Nilisikiliza kama kuna kejeli katika sauti yake. Kejeli ningeimudu, maana ndiyo ninayoishi nayo mpaka leo. Haikuwepo. Alikuwa anajivunia.

Mwanamke mmoja alisogea kumpa nafasi, mwingine akampa nyundo. Shangazi aliketi, akavuta jiwe, akahangaika kidogo kuukunja mkono kwenye mpini. Mimi nilibaki nimesimama na funguo za gari.

"Nije Jumapili, shangazi?"

"Njoo. Lakini sasa nenda, mura. Wageni watafika kule kwenu wasikute mtu."

Nikaenda. Nilifika kabla yao.