Kifungu cha Tisa

Wenzake bungeni walimwita Mzee wa Utaratibu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Chai ikiletwa imepoa, anasimama kuhusu utaratibu. Kiyoyozi kikimpuliza shingoni, anasimama. Siku moja alilisimamisha Bunge zima kwa sababu mbunge wa nyuma yake alikuwa anatafuna pipi. Pipi, jamani!

Lakini katiba aliijua, hilo hakuna wa kumbishia. Na muswada wa usalama ulikuwa umemnyima usingizi, hasa kifungu cha tisa: mtu akamatwe na awekwe ndani bila kufikishwa mahakamani, mpaka waziri atakaporidhika. Binti yake, mwanasheria, alishaupinga gazetini. Tangu hapo gari la kijivu lilikuwa likishinda mbele ya ofisi ya binti huyo, na waliokaa ndani yake hawakuwa na haraka yoyote.

"Baba, utasema kweli?" alimuuliza kwenye simu asubuhi ya siku ya kura.

"Nitasema, mama. Nikisimama mimi, na wenzangu watasimama. Tumeshakubaliana."

Ukumbini, mbunge ambaye taa ya kipaza sauti chake haijawaka hasikiki, na kisichosikika hakikusemwa. Katibu alisoma vifungu mbio mbio, ukumbi ukiitikia ndiyo, ndiyo, kama watu wanaoitikia dua. Kilipotajwa cha tisa, mzee akasimama na kubonyeza kitufe. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Kipaza sauti cha jirani yake, rafiki yake wa siku nyingi, kilikuwa kizima. Akakiinamia. Rafiki yake akakifunika kwa kiganja, akatazama dari.

Akapiga kelele huku akikinyooshea kidole kipaza sauti chake: "Mheshimiwa Spika! Mheshimiwa Spika!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Leo zamu ya kipaza sauti!" mmoja akadakia. Hata wale waliokubaliana kusimama naye walicheka, wakabaki wamekaa.

"Mzee wa Utaratibu, fundi atakuja," alisema Spika. Yeye peke yake hakuwa anacheka. "Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!"

Mzee akatoka nje, akasimama koridoni kumpigia binti yake amwambie aondoke ofisini upesi. Simu ikapokelewa mara moja.

"Shikamoo, mheshimiwa." Ilikuwa sauti ya mwanamume, yenye adabu zote.

"Wewe nani? Mwanangu yuko wapi?"

"Tuko naye hapa. Hana tatizo."

"Sheria yenyewe haijasainiwa!"

"Tunajua, mzee. Tulikuwa tunasikiliza kikao redioni, sote pamoja. Alituomba tusimpeleke kwanza, akasema baba yake atasema. Tukasubiri mpaka mwisho."