Nyundo ya Solbjørg

Kisiwani kwao, kaskazini mwa Norwe, bata wa baharini wanapokuja kutaga kwenye vibanda walivyojengewa, watu hawapigi kelele. Hata nguo nyekundu hazianikwi nje. Mlinzi wa bata alikuwa Eilert. Mkewe, Solbjørg, alikuwa msanii, mchoraji na mchongaji wa mawe. Brashi haina kelele, kwa hiyo bata aliwachora palepale nyumbani. Lakini nyundo ni nyundo.

"Kagongee huko mjini Bodø, mke wangu," Eilert alimtania kila mwaka. "Utanifukuzia wageni."

Akaenda, miaka thelathini na mmoja mfululizo. Bata wake wa mawe wamejaa bandarini na viwanjani, watoto wanawapanda migongoni. Alikuwa mjini akimalizia manyoya ya shingo ya bata wa mwisho, Eilert alipoanguka na kufa kule vibandani, peke yake.

Miaka miwili baadaye bata nao wakaacha kuja. Jiwe alilonunua Solbjørg limesimama uani, halijaguswa.

"Mbona hugongi, mwenzangu?" jirani yake Aslaug alimwuliza. "Siku hizi humsumbui mtu."

"Najua," Solbjørg alisema. "Hakuna hata wa kuniambia ninyamaze."