Mstari Mfupi wa Baba

Nilikuwa sokoni Katesh nikiuza vitunguu, binamu yangu Fabiola akaja akilia. "Dada, funika meza. Baba ametutoka."

Baba, Yonas Sulle, alikuwa mkulima wa Gendabi. Kwa miaka mingi alisuluhisha wakulima na wafugaji waliogombea maji ya lambo, na alitamani kuongoza kamati ya lambo hilo. Siku ya uchaguzi watu walipanga mistari nyuma ya wagombea. Mstari mfupi kuliko yote ungevunjwa, watu wake wahamie kwingine.

Wakulima walijipanga kwa Wolfgang, wafugaji kwa Gidamis. Kwa Baba tulisimama ndugu tu.

"Mzee Sulle, wewe ni wetu sote!" jirani alimwambia kutoka mstari wa Wolfgang.

"Basi njoo huku."

"Nikija huko, Gidamis atapita!"

Wafugaji nao walimhofia Wolfgang vivyo hivyo. Kila upande ulimtaka Baba baada ya mtu wake, lakini chaguo la pili tuliulizwa sisi tu tuliovunjiwa mstari. Tukahamia kwa mkulima mwenzetu Wolfgang, akashinda, akawafungia wafugaji lambo. Baba alikwenda kuwaombea ng'ombe maji, ugomvi ukazuka, akapigwa jiwe la kichwa, likamuua. Kila upande unasema jiwe lilirushwa na upande wa pili. Namwomba Mungu anipe moyo wa kusamehe, bado hajanipa.

Tulimzika Jumamosi nyuma ya nyumba. Wolfgang na Gidamis walikuja na watu wao, wakasimama kila kundi upande wake. Padri alisali. Mama alitupia udongo wa kwanza, tukafuata watoto, kisha vijana wakafukia.